Musoma Kuna Baridi

Musoma kuna baridi. Kauli hii imenigombanisha na watu wengi mwaka huu, kwa hiyo naiweka hapa mwanzoni ili asiyetaka ubishi aishie hapa. Watu wako tayari kukubali kwamba kuna upepo wa ziwani, kwamba jioni kunapoa, kwamba Julai mama anaweza kuhitaji kitenge mabegani. Mimi nazungumzia baridi inayomfanya mtu mzima ashindwe kufunga kifungo cha shati lake. Niliipata Julai, saa kumi usiku, kwenye mtumbwi wa dagaa uliokuwa umetoka mwalo wa Mwigobero jioni yake. Kamera ilikuwa shingoni na kidole changu cha shahada kilikuwa kimekataa kazi. Kidole cha shahada, na shahada yangu ya uzamili ilikuwa inakitegemea hichohicho.

Picha za usiku ni kazi ya vidole. Gizani kamera inapapasa kama wewe, haijui ishike wapi, kwa hiyo unaacha kuitegemea. Unazungusha pete ya lenzi mwenyewe, unapima mwanga mwenyewe, kisha unabonyeza polepole ili kamera isitikisike zaidi ya inavyotikiswa na mawimbi. Usiku ule nilibonyeza na sikusikia kitu. Sikujua kama kidole kimegusa kitufe au bado. Mbele yangu kijana anayeshughulikia taa alikuwa amesimama akivuta kamba, mwanga mweupe ukimpiga usoni kutoka chini, kofia ya koti imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeisubiri picha ile kwa wiki tatu. Ikapita. Asubuhi nilikuta picha saba za sakafu ya mtumbwi, kwa sababu kidole kilikuwa kimebaki juu ya kitufe wakati kamera nimeshaishusha.

Kama hasara ingekuwa picha tu, nisingesumbua mtu. Lakini yule kijana alipomaliza kuvuta alinyoosha kiganja kwenye mwanga, akaona damu. Kamba ilikuwa imemchana chini ya kidole gumba. Hakujua imemchana saa ngapi. "Sikusikia," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Tulikuwa watu wawili kwenye mtumbwi mmoja, vidole vyetu vyote vimekufa ganzi, katika mji ambao kila mtu anajua kuwa hauna baridi.

Nataka kugombana na hilo "kila mtu anajua".

Nianze na chuo changu, ambacho sitakitaja kwa sababu naamini vingine havina tofauti. Kabla ya kwenda uwandani mwanafunzi hujaza fomu ya hatari. Yangu ilikuwa na sehemu ya malaria, sehemu ya ajali barabarani, sehemu ya kuzama, na hapo niliandika jaketi okozi kwa herufi kubwa. Kwenye hali ya hewa fomu ilikuwa imeshajijibu yenyewe: jua kali, vaa kofia, kunywa maji. Nilitia tiki. Nilikuwa naenda kufanya kazi ya usiku mtupu, na nilijaza fomu inayonilinda dhidi ya jua.

Kisha kuna wenzangu darasani. Nilipowasimulia, rafiki mmoja aliyekulia Makete alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Musoma? Wewe njoo kwetu Julai uone baridi." Nilichojifunza siku ile ni kwamba baridi Tanzania ina wenyewe. Makete wanayo, Njombe wanayo, Mbeya wanayo, Lushoto wanayo, na Kilimanjaro bila shaka, kwa sababu kule kuna barafu na barafu inaonekana kwenye picha. Mtu wa Mara akisema amehisi baridi anaonekana amevaa kiatu cha mwenzake. Ni utani mzuri wa darasani. Shida ni kwamba utani huohuo ndio uliokaa kwenye fomu, na ndio utakaokutana nao kwenye maonyesho.

Nilipeleka picha kumi na mbili kwenye maonyesho ya wanafunzi. Zilirudi tano. Moja ya zilizorudi ilikuwa ya wavuvi wanne wamekaa kimya kwenye ubao wa katikati wakisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Wamevaa makoti mazito ya mitumba, yale yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji, na kila mmoja ameficha mikono kwapani. Maoni ya waliochagua yalikuwa ya upole: picha nzuri, lakini haisomeki kuwa ni Ziwa Victoria, makoti yanachanganya. Walichukua badala yake picha ya mvuvi wa machweo, kifua wazi, kivuli cheusi mbele ya maji ya rangi ya chungwa. Niliipiga kwa dakika mbili nikiwa nimesimama ufukweni, mikono yangu ikiwa na joto kabisa. Inaonekana hivyo.

Waliochagua walikuwa Watanzania watupu. Nasema hivyo kwa sababu najua msomaji ameshaanza kumtafuta mzungu wa kumlaumu. Hayupo. Picha ya nchi ya jua la milele tumejitundikia wenyewe sebuleni, tukaipenda, na sasa tunamwambia aliyekaa ziwani usiku kucha kwamba haendani nayo.

Sasa tuzungumze hesabu, maana wanaobisha hupenda kuniuliza kipimajoto kilisema nini. Kilisema nyuzi 17. Ndiyo, 17. Mtu wa Makete anaweza kucheka tena. Lakini mkono hausomi kipimajoto. Mkono unasoma kiasi cha joto unachopoteza kila dakika, na mkono wa mvuvi umelowa tangu saa moja jioni. Maji huondoa joto kwenye ngozi kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Yakikauka juu ya ngozi hayaondoki bure, huondoka na joto la mwenye ngozi. Upepo ukivuma yanakauka haraka zaidi, na upepo Musoma haukosi. Mchana unatoka ziwani. Usiku nchi kavu inapoa kabla ya maji, upepo unageuka, na unakuja ziwani kutoka upande wa vilima. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Watu husahau hilo kwa sababu wakiona maji mengi wanafikiria Tanga.

Mwili nao una siasa zake. Ukiona joto linapotea unafunga mishipa midogo ya damu ya vidoleni ili damu ya moto ibaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Mikono inatolewa sadaka kwanza. Ngozi ya vidole ikishuka kufikia kama nyuzi 20, wepesi wake unaanza kupungua. Ikikaribia 15, unapungua sana, na kuhisi nako kunapungua. Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapohitaji barafu.

Kuna jambo moja ambalo nisingeliamini kama nisingelifanya mwenyewe. Usiku ule nahodha aliniona nikipuliza vidole, akaniambia, "Kijana, tia mikono majini." Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikatia. Ziwa lilikuwa la uvuguvugu. Nilipozamisha kipimajoto kilisoma 24. Ziwa kubwa namna ile halipoi kwa usiku mmoja, kwa hiyo saa kumi usiku maji yana joto kuliko hewa, na wavuvi wanajipasha mikono kwa kuilowesha. Unapata nafuu ya dakika moja. Ukiitoa, upepo unaikuta imelowa upya, na unakuwa na hali mbaya kuliko ulivyoanza. Nahodha alilijua hilo vizuri. "Inasaidia kuvuta wavu mmoja," alisema. "Wavu wa pili unautafutia njia nyingine."

Kabla ya safari nilikuwa nimesoma sana. Maelekezo ya kupiga picha kwenye baridi ni mengi, na karibu yote yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Yananena ukweli. Vaa glavu nyembamba ndani na nene juu. Tumia glavu ambazo ncha za vidole zinafunuka. Usizibane, kwa sababu glavu inayobana inazuia damu na inapoza kuliko kutovaa. Weka mfukoni vile vipakiti vya kemikali vinavyotoa joto ukivitikisa. Betri ya akiba ikae karibu na mwili. Sina ugomvi na hata mstari mmoja wa hayo. Ugomvi wangu ni kwamba katika maelekezo yale mwenye mikono ni mmoja tu, naye ni mpiga picha. Anayepigwa picha ni mlima, au ndege, au mti wenye theluji. Hana vidole. Ukiyachukua mafunzo hayo na kuyaleta Mwigobero bila kuyagusa, unajikuta umevaa glavu mbili mbele ya watu wanne walio mikono mitupu, na bado unajiona umejiandaa vizuri.

Niliyapata mafunzo yangu mengine Butiama. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya picha za alfajiri kwenye mawe ya Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Lipo kaburi, lipo kaya ya familia, ipo makumbusho yenye jina lake, na asubuhi ya Julai upepo unapita katikati ya mawe yale bila kubisha hodi. Niliporudi nilipanda bodaboda hadi Makutano, kwenye barabara kuu. Dereva alikuwa amevaa koti kinyume, zipu ikiwa mgongoni, na chini yake amepanga kurasa za magazeti kifuani. Mikononi alikuwa na glavu nyepesi za kawaida, na vidole vyake vilikuwa vinachezea breki bila shida, wakati mimi nyuma yake nilikuwa nimevaa glavu nene na nimekufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Nilimuuliza siri ni nini. "Siri kifua," alijibu. "Ukifunga kifua, mikono inajitegemea. Wewe umevaa glavu ya bei, shati limefunguka."

Ni fiziolojia ileile niliyoieleza juu, ila yeye aliifupisha. Mikono haipashwi mikononi. Ukiufunika mgongo, shingo na kichwa, mwili unaacha kuogopa na unairudishia mikono damu. Ukiacha kiwiliwili kipoe, glavu yoyote duniani ni mfuko wa kuhifadhia vidole vilivyopoa. Na kwa wale wanaobeba gongo kwa ajili ya baridi, na ziwani nimewaona: gongo hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, unajisikia umewaka, na joto lako linaondoka kwenda kwa upepo. Sigara nayo hufanya kinyume, inaibana mishipa ya vidole. Anayetumia vyote viwili anaulipa usiku mara mbili.

Zile glavu nilizinunua Bunda, kwenye mitumba, kwa shilingi 3,000. Muuzaji aliniambia ni za barafu. Zilikuwa nene kiasi kwamba kidole kimoja kilibonyeza vitufe vitatu, nikakata ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada kwa wembe nikiwa nasubiri basi. Nazitaja kwa sababu nitarudi kwazo, na kwa sababu Bunda ndipo nilipokasirika.

Kutoka Bunda ukielekea Mwanza, kando ya barabara kuu, kuna lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Magari ya utalii yanaingia alfajiri. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na wageni wale anajua wanavyoandaliwa: kwenye gari la wazi kuna mablanketi, kuna chupa za chai na kahawa, mahali pengine kuna hata mpira wa maji ya moto wa kuweka mapajani. Kabla hawajapanda ndege wameshaambiwa walete sweta nzito na koti la upepo kwa ajili ya asubuhi. Kwa hiyo baridi ya Mara inajulikana. Imeandikwa, imepangiwa bajeti, imenunuliwa mablanketi. Inajulikana kwa anayelipa ili aketi akitazama nyumbu. Kwa anayevuta wavu usiku kucha ng'ambo ya barabara ileile, tunasema hii ni Afrika, baridi gani?

Hapo ndipo ninapokataa kuendelea kuliita jambo hili utani.

Liko jambo lingine ambalo wavuvi wenyewe walinifundisha, nalo linahusu maendeleo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu wanafuata mwanga wa taa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, ile ya mafuta ya taa inayopampiwa na kunguruma. Sasa taa nyingi ni za betri na sola. Nani atalalamika? Karabai ilikula mafuta, na mafuta yalikula mgawo wa mvuvi. Ilipasuka vioo, iliunguza watu, ilimwaga mafuta majini. Taa mpya ni nafuu, ni safi, haizimwi na upepo kirahisi. Nakubali yote hayo na sitaki karabai irudi.

Lakini nahodha aliniambia kitu ambacho sijakisikia kikisemwa na wanaosifu taa hizo. Karabai ilikuwa moto. Zilipokuwa zinavutwa kurudi mtumbwini, watu walizizunguka, wakakunja vidole karibu na kioo, wakarudi kwenye wavu wakiwa na mikono yao. Taa mpya unaweza kuishika ikiwaka na isikupe chochote. "Inaangaza kama mwezi," alisema, "na mwezi hauna moto." Tulihesabu lita za mafuta zilizookolewa, na tulifanya vizuri kuzihesabu. Joto la mikono halikuwa kwenye hesabu kwa sababu halikuwa na risiti. Lilikuja bure pamoja na karabai, likaondoka bure, na hakuna aliyeandika popote kwamba liliwahi kuwepo. Utaliandikaje, kama umeshaamua kwamba hakuna baridi ya kulihitaji?

Najua pingamizi. La kwanza: kama wanahisi baridi, si wavae glavu? Niliuliza swali hilohilo na nahodha alinitazama kwa subira. Glavu ya kitambaa ikilowa ni mbaya kuliko mkono mtupu, inashikilia maji na kuyapeleka kwa upepo usiku kucha. Ya mpira inateleza, na kamba inaipasua. Na nyavu za dagaa zina matundu madogo kabisa, kidole chenye glavu kinanasa. Juu ya yote, mvuvi anajua uzito wa wavu kwa vidole. Anajua kama umekamata dagaa au umekamata jiwe kabla haujatoka majini. Ukimvalisha glavu unamfumba macho. Kwa hiyo dawa ya mikono yake si glavu, ni vile vitu vingine: koti la mvua lisilovuja juu ya sweta kavu, kofia, taulo kavu la kufutia mikono kati ya wavu na wavu, chupa za chai, kijiko cha sukari ndani yake, na mpango wa zamu ili yuleyule asivute kila mara. Ni vitu vya kawaida sana. Vinagharimu, na gharama hiyo mpaka sasa ni ya mvuvi peke yake, anayelipwa kwa mgawo, ambaye usiku usio na dagaa ni usiku usio na kitu.

Pingamizi la pili: kuna mambo makubwa zaidi ziwani. Watu wanazama. Injini zinaibwa. Samaki wanapungua. Ni kweli. Lakini mtu anazamaje? Mara nyingi kuna mkono katika hadithi hiyo: mkono ulioshindwa kushika ubao, kufungua fundo, kuwasha injini, kukaza kamba ya jaketi okozi. Tunawaletea majaketi na tunafanya vizuri. Tumewahi kumwambia mtu aijaribu kufunga mikanda ile saa kumi usiku kwa vidole visivyosikia? Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Nimekutana na watu wengi ambao hawaamini kwamba mtumbwi ni mahali pa kazi. Wakiiwaza kazi ya hatari wanawaza mgodi na kiwanda. Kule ziwani wanaona mandhari.

Pingamizi la tatu nalileta mwenyewe, kwa sababu ndilo linaloniuma. Nani ananipa haki ya kuwasemea? Nilikuwa mgeni wa usiku chache. Baba zao hawakuniomba niwaandikie malalamiko.

Ni kweli, na nina deni juu yake. Yule kijana alipoiona damu alijifunga kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye fulana. Kisha akaangalia mikono yangu. "Braza," aliniuliza, "hizo glavu zinauzwaje?" Nikamjibu: "Bunda, elfu tatu." Alitikisa kichwa, akarudi kwenye kamba. Nilijibu swali la bei. Nilibaki na glavu zangu hadi kulipopambazuka, kwa sababu zilikuwa na matundu mawili niliyoyakata kwa ajili ya picha, na nilikuwa bado sijaipata picha. Sasa ndiyo, glavu zisingemfaa kwenye wavu, nimeeleza hapo juu. Hilo nililielewa baadaye. Usiku ule sikulijua, na bado sikuzivua.

Kwa hiyo siandiki haya kama mtu aliyewaonea wengine huruma. Naandika kama mtu ambaye picha ya nchi isiyo na baridi ilikaa hadi kwenye mikono yake mwenyewe, hata akiwa amekufa ganzi. Nilihisi baridi yangu kama tatizo la kamera. Ya kwake niliihisi kama sehemu ya mandhari.

Kulipokucha tulirudi Mwigobero na akina mama walikuwa wanatusubiri, wamesimama ndani ya maji hadi magotini, beseni kichwani. Wakapokea dagaa walolowa, wakawapeleka juu kuwaanika, wakaziingiza tena na tena zile ndoo mikono yao ikiwa mitupu kwenye upepo uleule. Mmoja aliniona nikijikunja, akacheka. "Mwanangu, kumbe na nyie wasomi mnasikia baridi?" Wao hawakuwa na shaka hata kidogo kwamba ipo.

Ninachodai ni kidogo. Wenye mitumbwi, wale tunaowaita matajiri, wakipiga hesabu ya mafuta, ice na chakula kabla ya mgawo, waweke na chai, taulo na makoti ya mvua ndani ya gharama za chombo, visitoke kwenye mfuko wa anayelowa. Wanaoleta miradi ya taa ziwani waulize taa ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani nyingine. Waandaaji wa maonyesho waache kumvua mvuvi koti ili afanane na kadi ya posta. Na wewe unayepiga picha alfajiri, iwe Mwigobero au Mwitongo, funga kifua kabla ya kununua glavu, beba chai ya watu wote mliopo, na ukihisi vidole vyako vimekufa, tazama vya aliye mbele ya lenzi kabla ya kubonyeza.

Mwezi uliofuata, kwenye siku za giza, nilirudi nikiwa na chupa mbili za chai na mataulo matano. Nahodha alipokea chai, akayatazama mataulo, akasema yatanuka dagaa maisha yangu yote. Yananuka hadi leo. Kabla ya safari hiyo nilijaza upya fomu ya chuo. Kwenye hali ya hewa nilikata maneno ya jua na kofia, nikaandika: baridi, mikono, watu watano. Msimamizi wangu aliirudisha ikiwa na swali dogo pembeni kwa kalamu nyekundu: kwa nini watano, wakati mtafiti ni mmoja?